Mwizi wa Usiku Apigwe Picha Kwanza



Kuku wako wakipungua usiku, au mahindi yako yakilazwa chini kabla hayajakomaa, swali la kwanza lisiwe, "Nitumie sumu gani?" Swali la kwanza liwe, "Ni nani aliyefanya jambo hili?" Wakulima wengi hufika katika ofisi ya kilimo wakiulizia sumu. Ni wachache sana wanaofika wakiwa na jina la mwizi. Ukiwauliza wamejuaje kuwa ni nungunungu, au kanu, au fisi, watakujibu kwamba kila mtu ajua hivyo. Lakini saa za wizi huo kila mtu alikuwa amelala.

Somo la mwezi huu lahusu chombo kidogo kisicholala. Ni kamera ya kuvizia, ile inayofungwa kwenye nguzo na kupiga picha yenyewe kila mnyama apitapo mbele yake. Siku hizi zapatikana za bei nafuu, za shilingi elfu chache, na kikundi cha majirani kumi chaweza kununua moja bila kuumia. Shamba moja halihitaji kamera mwaka mzima. Lahitaji wiki mbili tu, kisha kamera iende kwa jirani.

WANYAMA HAWAKUHAMA WOTE

Wengi hudhani kwamba wanyama wa mwitu wako Kilimambogo tu, ndani ya hifadhi ya Ol Donyo Sabuk pamoja na nyati wake. Sivyo. Sehemu kubwa ya nchi hii tunayolima, kutoka Ruiru na Juja hadi Munyu, Gatuanyaga na Ngoliba, ilikuwa mashamba makubwa ya kahawa, mkonge na ng'ombe. Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba makubwa ya sehemu nyingi za Kenya yalianza kugawanywa, na baadaye vyama na kampuni za kununua ardhi zikaendeleza kazi hiyo. Wanyama wakubwa walikwenda zao. Wadogo walibaki. Nao wamejificha wapi? Katika vichaka vya kando ya mito ya Ndarugu, Chania, Thika, Ruiru na Athi, katika nyua za miti, katika mashimo ya mawe yaliyoachwa, na katika mabaki ya mkonge. Tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe na kumalizika mwaka 2012, majumba yameota upande wa Ruiru kama uyoga. Mnyama aliyebanwa namna hiyo, akitaka kutoka mtoni kwenda malishoni, hana budi kupita kwako.

Kwa hiyo usishangae ukimwona katika picha kanu, nguchiro, sungura, nungunungu, komba, fungo au kalunguyeye, hata kama unaishi hatua chache kutoka kituo cha matatu.

JINSI KAMERA INAVYOTAMBUA MNYAMA

Ukiingia jikoni gizani huoni jiko liko wapi, lakini uso wako wahisi joto lake. Kamera ya kuvizia ina kioo kidogo mbele ambacho hufanya kazi kama uso wako. Hicho huhisi joto la mwili linalosogea mbele yake. Joto likisogea, kamera huamka, hupiga picha, huandika tarehe na saa chini ya picha, kisha hulala tena ili isimalize betri.

Usiku hutumia taa ya miali ambayo macho yetu hayaioni, au yaiona kidogo tu. Ziko namba mbili utakazozikuta kwenye boksi. Taa ya nanomita 850 huangaza mbali zaidi, ila huonyesha wekundu hafifu kama kaa la moto linalozimika. Taa ya nanomita 940 haionekani kabisa, lakini haifiki mbali. Kwa kuwatazama wanyama zote mbili zafaa. Kwa pahali penye wezi wa miguu miwili, chagua ya 940, maana mwizi akiuona ule wekundu ataondoka na kamera yenyewe.

Tangu awali twajua mambo mawili. Picha za usiku huwa hazina rangi, kwa hiyo mnyama hutambulikana kwa umbo, masikio, mkia na mwendo. Tena, mnyama asiye na joto la mwili hapigwi picha kwa urahisi. Kenge na nyoka huwa na joto karibu sawa na ardhi waliyolalia, na kamera haiwatambui vema. Mayai yakipotea kila siku nawe huna picha hata moja, usiseme kamera ni mbovu. Fikiri juu ya nyoka na kenge. Fikiri pia juu ya mwewe anayeshuka kutoka juu, na fuko alaye viazi vitamu kwa kupitia chini ya ardhi. Hao wote kamera haiwajui.

Chombo hiki si kigeni kama kinavyoonekana. Mwaka 1906 gazeti la National Geographic la Marekani lilichapisha picha za usiku za Bwana George Shiras. Nyingine kati yake zilipigwa na wanyama wenyewe kwa kukanyaga au kuvuta uzi alioutega. Huku kwetu, katika milima ya Aberdare yanakotoka maji ya Chania, kamera za namna hii zimetumiwa miaka mingi kuwatafuta bongo waliobaki, ambao ni wachache mno na ni wenye haya hata mlinzi wa msitu aweza kumaliza mwaka bila kumwona mmoja. Katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, picha zilizopigwa mwaka 2005 zilionyesha sange mkubwa mwenye uso wa kijivu ambaye wataalamu hawakuwa wamemwandika kamwe. Walimpa jina mwaka 2008. Na mwaka 2019 picha za chui mweusi wa Laikipia zilienea duniani kote. Zilipigwa kwa kamera iliyoachwa peke yake porini. Kamera yako ya bei nafuu ni ndugu mdogo wa hizo.

KUNUNUA

Usivutwe na hesabu kubwa ya megapikseli iliyoandikwa nje ya boksi. Kamera nyingi za bei ya chini hupiga picha ndogo kisha huinyoosha iwe kubwa, kama mtu anayeongeza maji kwenye maziwa. Yaliyo muhimu ni matatu. La kwanza ni wepesi wa kuamka. Kamera inayochukua zaidi ya sekunde moja itakupa picha nyingi za mkia. Tafuta ya nusu sekunde au chini yake. La pili ni mfuniko wenye mpira unaozuia maji, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei hazina huruma. La tatu ni tundu la kufuli au la waya wa kufungia.

Utahitaji kadi ya kumbukumbu, na ya gigabaiti 32 yatosha sana. Utahitaji pia kisoma kadi kidogo cha kuchomeka kwenye simu, ili usilazimike kubeba kamera yote kila mara. Betri ndiyo gharama isiyosemwa dukani. Kamera hula betri nne au nane, na zile za bei rahisi kabisa hufa baada ya siku chache. Betri za kuchajiwa zenye ubora ni ghali siku ya kwanza na rahisi mwaka wa kwanza. Usichanganye betri kuukuu na mpya, maana iliyochoka huzivuta zote chini.

KUIFUNGA

Hapa ndipo wengi huharibu kazi, basi tutakaa kidogo.

Kwanza weka saa na tarehe. Picha isiyo na saa sahihi ni kama stakabadhi isiyo na tarehe. Kisha safisha kadi kwa kutumia kamera yenyewe, si kwa simu.

Chagua njia, usichague shamba zima. Mnyama ana barabara yake kama wewe. Tafuta tundu katika ua, nyasi zilizolala upande mmoja, kinyesi, manyoya yaliyonasa kwenye waya, mwiba wa nungunungu. Funga kamera hatua tatu au nne kutoka hapo. Kwa wanyama wadogo kama kanu na nguchiro, ifunge chini ya goti. Ukiifunga kifuani, kama wengi wafanyavyo kwa sababu ni rahisi kwa mgongo, utapata picha nzuri za ng'ombe na hakuna nyingine.

Ielekeze kaskazini au kusini. Sisi hapa Thika tuko karibu na mstari wa ikweta, kiasi cha digrii moja tu kusini yake, na jua letu huchomoza mashariki na kutua magharibi bila kupinda sana. Kamera inayotazama mashariki itapigwa na jua la asubuhi usoni, nayo itajipigia picha mia za mwanga mtupu. Tena isitazame njia moja kwa moja kutoka ubavuni. Iinamishe kidogo, imwone mnyama akija, ili imnase kabla hajapita.

Fyeka nyasi na majani yaliyo mbele yake. Jani la mgomba lililopashwa na jua, likitikiswa na upepo, kwa kamera ni mnyama. Kwa sababu hiyohiyo usiifunge kwenye mti mwembamba unaoyumba. Nguzo ya ua ni bora. Mchana wa joto kali, wakati ardhi ina joto kama mwili, kamera husinzia na kukosa wanyama. Usiitegemee sana saa nane mchana mwezi wa Februari.

Paka grisi kidogo kuzunguka nguzo, chini ya kamera, ili sisimizi wasipande. Sisimizi hupenda kujenga ndani ya kamera kuliko unavyodhani. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu usivitupe. Weka kimoja ndani ya mfuniko, kitanyonya unyevu.

Jambo moja zaidi: usiweke chambo. Watu hupenda kuweka kipande cha nyama ili picha zije haraka. Ukiweka nyama, hutajua tena ni nani alaye kuku wako. Utajua tu ni nani apendaye nyama ya bure, na hao ni wengi, pamoja na paka wa nyumbani.

DAFTARI

Kamera bila daftari ni mchezo wa watoto. Chukua daftari la shule la kurasa 48, upige mistari ya kulipa safu tano: tarehe, saa, mnyama, alichokuwa akifanya, na hasara iliyoonekana asubuhi. Safu ya mwisho ndiyo yenye kazi. Kila jioni hesabu kuku wanapoingia, na kila asubuhi uwahesabu wanapotoka. Kama ni mahindi, hesabu mashina yaliyolazwa katika mistari mitano ileile kila siku.

Kwa nini taabu hii? Kwa sababu picha ya mnyama akipita si ushahidi kwamba ameiba. Mimi napita mbele ya benki kila mwisho wa mwezi, na sijaiba kitu. Ushahidi ni picha na hasara kukutana usiku mmoja, si mara moja tu bali mara mbili au tatu. Tena picha kumi za mnyama mmoja katika nusu saa moja zihesabu kuwa ziara moja. Kanu mmoja akikaa mbele ya kamera akijilamba makucha atakupa picha arobaini, nawe utadhani una kabila zima la kanu.

Acha kamera ikae masiku kumi na manne yasiyopungua. Usiku wa mbalamwezi wanyama wengi hubadili mwendo wao, na wiki moja haitoshi kuona giza na mwanga.

KUKU TISA WA MUNYU

Nitakueleza jambo lililopita katika ofisi yetu, bila kutaja majina. Mama mmoja wa upande wa Munyu alikuja akitafuta sumu. Alikuwa amepoteza kuku tisa katika wiki tatu, na kuku kwake ni karo ya mtoto. Watoto wake walikuwa wamemwona mnyama mwenye madoa karibu na banda, na kijiji kizima kilikubaliana kuwa ni mtoto wa chui. Mpango wake ulikuwa kupaka sumu kwenye utumbo wa mbuzi na kuuacha nyuma ya banda.

Afisa wa ugani, ambaye wazee bado humwita Bwana Shamba, alimsihi asubiri wiki mbili, akampa kamera ya kikundi. Usiku wa pili picha ikatoka: mnyama mrefu mwembamba, madoa ubavuni, mkia mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe. Kijiji kikapiga kelele, huyu ndiye! Lakini hakuwa mtoto wa chui. Pete za mkia na uso uliochongoka vyaonyesha kanu, mnyama asiyezidi sana paka kwa uzito. Na asubuhi yake kuku wote walikuwapo. Usiku wa nne kanu alirudi, naye alikuwa na panya mdomoni. Kuku wote walikuwapo.

Usiku wa sita, saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri, picha ilionyesha mbwa wawili. Mmoja alikuwa na ukanda shingoni. Alikuwa ameingiza kichwa chini ya mlango wa banda, pale ubao ulipooza. Asubuhi kuku mmoja hakuwapo. Usiku wa kumi na moja mbwa walewale walirudi, na kuku wawili hawakuwapo. Kwa masiku yote kumi na manne kanu alikuja mara tano, na katika asubuhi hizo tano hakuna kuku aliyepotea. Mbwa walikuja mara mbili, na mara zote mbili kuku walipungua.

Ukanda ule ulijulikana. Mama alikwenda kwa jirani yake pamoja na mzee wa nyumba kumi, picha zikiwa katika simu, wakazungumza kwa utulivu. Jirani alikuwa akiwafungulia mbwa usiku kwa kuogopa wezi, naye hakujua wanakotembea. Walikubaliana kwamba mbwa watakaa ndani ya ua mpaka kupambazuke, na mama atabadilisha ubao. Jirani alilipa kuku watatu walioonekana. Wale waliopotea kabla ya kamera alikataa, akisema hakuna aliyewaona mbwa wake siku hizo. Mama hakupendezwa na hesabu hiyo, na mpaka leo hapendezwi. Lakini wanasalimiana.

Sasa fikiri kama utumbo ule ungewekwa. Mbwa wa jirani wangekufa, na ugomvi wake usingeisha kwa miaka. Kanu aliyekuwa akipunguza panya wa ghala angekufa. Kunguru angebeba kipande na kukiangusha pengine kwenye uwanja wanapocheza watoto. Tusidhani hizi ni hofu za ofisini. Mwezi wa Desemba 2015, huko Masai Mara, wachungaji waliokuwa na hasira ya kuliwa ng'ombe walitia sumu katika mzoga. Simba wa kundi mashuhuri la Marsh walikufa, na tai waliokula mzoga huo wakafa pia. Miaka michache kabla yake dawa ya wadudu ya kabofurani ilikuwa imeua simba na tai wengi hata watengenezaji wenyewe wakaiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009. Dawa ile ilikuwa ya kulinda mimea. Haikuwa ya nyama.

Simwambii mtu kwamba kanu ni mtakatifu. Akikuta banda wazi ataua kuku, na pengine zaidi ya mmoja. Nasema tu kwamba dawa ya kanu, ya nguchiro na ya mbwa ni moja: ubao mzima, waya wenye matundu madogo, na mlango unaofungwa kabla ya giza.

UKISHAMJUA, UFANYE NINI?

Nungunungu hulaza mahindi kwa kuyatafuna karibu na ardhi, na hufukua viazi vitamu, mihogo na maboga. Picha zake nyingi huwa za usiku wa manane. Yeye hafai kuzuiwa kwa waya wa kawaida, maana hupita chini. Chimbia ukingo wa waya ardhini kiasi cha futi moja, hasa pale kamera ilipomwonyesha akiingia. Hapo ndipo faida ya kamera: huna haja ya kuzungushia waya ekari nzima, waanza na tundu lake.

Tumbili na kima ni wezi wa mchana. Kamera ikionyesha wanakuja saa kumi na mbili unusu asubuhi na tena saa kumi jioni, basi wajua saa za kulinda, na mtoto hatakosa shule kwa kukaa shambani kutwa. Nguchiro naye huja mchana, na mara nyingi ndiye mla mayai. Okota mayai mapema.

Kalunguyeye hana kosa. Hula wadudu, viwavi na konokono wa bustani. Ukimwona katika picha, furahi.

Bundi ndiye ninayemhurumia zaidi. Wazee wetu wa Kikuyu humwita ndundu, na akilia karibu na nyumba watu huona ni habari ya kifo, wakamtupia mawe. Lakini weka kamera karibu na ghala lako la mahindi, uone atuapo juu ya nguzo na anachoondoka nacho. Ni panya. Panya hupunguza chakula chako kila usiku, na hicho ndicho kifo cha kweli cha gunia. Mwenye kuogopa ndundu na asimwangalie, ila asimpige. Kisha avike miguu ya ghala mabati ili panya wasipande, maana bundi peke yake hawezi kazi yote.

Kiboko wa mto Athi, chui, fisi au nyati ni habari nyingine. Ukimpata mmoja wa hao katika picha, usimfuate, usikusanye vijana na mapanga. Peleka habari kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, au kwa chifu, siku hiyohiyo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza kuwinda, hata kwa kitoweo, na yaweka pia njia ya kudai fidia kwa hasara za wanyama waliotajwa ndani yake. Picha yenye tarehe na saa yasaidia maafisa, lakini haitoshi peke yake. Lazima wafike waone nyayo na hasara, kwa hiyo usifagie wala kuzika kitu kabla hawajafika.

KAMERA NA JIRANI

Kamera haichagui. Humpiga picha mnyama, na humpiga picha mtu. Isielekezwe kwenye njia ya watu, wala mlango wa jirani, wala mahali pa kuogea, wala mtoni wanapoteka maji akina mama. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamlinda mtu na picha yake. Ukipata picha ya mtu kwa bahati, ifute. Na kama picha yaonyesha mtu akiiba, mpelekee chifu au polisi, usiitume katika makundi ya simu. Kijiji hupiga kelele kabla ya kutazama vema, kama kilivyofanya juu ya kanu wa Munyu, na mtu aliyeharibiwa jina hatengenezwi kwa ubao mpya.

Kabla ya kuifunga kamera, waeleze majirani wa pande zote ni ya nini. Kikundi kikinunua, kiandike zamu katika kitabu, na kila anayeipokea atie sahihi. Anayerudisha atoe betri, akaushe mfuniko kwa kitambaa, na afute kadi baada ya kuhamisha picha zake.

MASWALI YA KUJIPIMA

Yajibu katika daftari lako, peke yako au pamoja na watoto. Majibu yatatolewa katika toleo la mwezi ujao.

1. Mkulima wa Gatuanyaga ana picha 36 za fungo, zote kati ya saa mbili na dakika tano usiku na saa mbili na dakika ishirini na tano, usiku mmoja. Aandike ziara ngapi?

2. Mayai hupotea kila siku kwa siku kumi, na kamera haina picha ya mnyama yeyote. Taja wezi watatu ambao kamera yaweza kuwakosa, na sababu ya kila mmoja.

3. Kamera imefungwa ikitazama mashariki, kwenye mti mchanga wa mkabakabu, katika kimo cha kifua, na kipande cha nyama kimewekwa mbele yake. Onyesha makosa manne, ueleze utakavyoyarekebisha.

4. Nungunungu ameonekana usiku tano kati ya kumi na nne. Mahindi yamelazwa usiku tatu, na mbili tu kati ya hizo ndizo zenye picha yake. Je, umhukumu sasa, au uiache kamera iendelee kukaa? Kama itaendelea, utaihamishia wapi?